Aliyesimama Pembeni

Mjomba aliinuka kwenye kochi, akapapasa ukingo wa meza, akausogelea uso wa televisheni mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Picha ilikuwa imeganda. Nje masika yalikuwa yanapiga bati kama watu wanaomwaga kokoto. Akaweka kidole cha shahada kwenye ukingo wa kulia wa kioo, akaanza kukisogeza taratibu kwenda kushoto, jicho likifuata kidole, vile vile anavyosoma msahafu.

Kidole kikasimama.

"Huyu nani?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza, mjomba. Huyu mwanamke aliyesimama huku nyuma ya wenzake ni nani? Na yupo hapa tangu saa ngapi?"

Ni wiki ya tano sasa tangu usiku ule. Kila nikikaa kuandika jambo lingine, kidole kile kinanirudia.

## Diski

Tamthilia yenyewe wengi mnaijua. The Haunting of Hill House, sehemu kumi, iliyotoka Netflix Oktoba 2018. Familia moja, baba, mama na watoto watano, inahamia kwenye jumba kubwa la zamani kiangazi cha mwaka 1992 ili walikarabati na kuliuza. Jumba lina watu wake. Familia inatoka mbio usiku mmoja, mama anabaki ndani amekufa, na miaka mingi baadaye mdogo wao wa kike, Nell, anarudi peke yake kwenye jumba lile na kufia humo. Mzizi wa habari ni riwaya ya Shirley Jackson ya mwaka 1959, ila mwongozaji Mike Flanagan ameijengea familia mpya kabisa.

Mimi niliiona kwa simu ilipotoka, kwa bando, kipande kipande, ndani ya basi la mwendokasi na kitandani. Naweza kusema niliiona. Siwezi kusema niliitazama.

Mwaka jana dada yangu aliporudi kutoka Marekani aliniletea kasha la DVD zake. Zilianza kuuzwa Oktoba 2019, mwaka mmoja baada ya tamthilia kutoka, na ndani yake sehemu tatu, ya 1, ya 5 na ya 10, ni ndefu kuliko zile za kwenye simu. Sehemu nne zina sauti ya Flanagan mwenyewe akizungumza juu ya picha. Diski za Marekani zimefungiwa ukanda namba 1, na sisi huku tuko namba 5, lakini deki nyingi za Kichina zinazouzwa Kariakoo hazina habari na mipaka hiyo. Deki ya mjomba ilimeza diski bila kelele.

Televisheni yake ni ya chogo. Deki iliniuliza kwenye mpangilio: picha ijae kioo, maana yake ikatwe pembeni, au ionekane nzima na ukanda mweusi juu na chini? Nikachagua nzima. Nililitia maanani sana jambo hilo. Katika tamthilia hii pembeni ndiko kwenye mambo. Mbali na mizuka inayojitokeza waziwazi, kuna mingine mingi imefichwa ndani ya picha, mmoja chini ya piano, mwingine nyuma ya kioo cha mlango, mwingine kwenye giza la ngazi. Kamera haiwageukii, muziki hauwapigii, wahusika hawawaoni. Wamesimama tu. Ukimwona mmoja, umemwona. Usipomwona, hadithi inakwenda.

Basi nikakataa deki isikate pembeni.

Nikazikata mwenyewe, kwa mdomo wangu.

## Steringi hafi

Chumba tulichokuwa tumekaa, chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili pale Magomeni Mapipa, zamani kilikuwa banda la video. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, mwenye deki ya kanda na televisheni alikuwa na sinema nyumbani kwake, na mjomba alikuwa navyo vyote viwili. Mabenchi ya mbao, pazia zito dirishani, joto la kukausha nguo, na mlangoni mkaza mjomba amekaa na beseni la maandazi, anapokea kiingilio kwa mkono mmoja na kumfukuzia nje aliyejifanya amelipa kwa mwingine.

Mjomba hakukaa. Alisimama kando ya televisheni na fimbo ya henzirani, akitafsiri. Kila aliyekulia Dar anamjua Lufufu na sauti yake juu ya mikanda ya kigeni; mjomba alikuwa Lufufu wa mtaa mmoja, asiyerekodiwa popote. Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, Kichina hakuwa nacho kabisa, na hilo halikumzuia. Alisema wanachosema, alisema wanachofikiri, alisema kitakachotokea.

"Mwone yule nyuma ya mlango! Ameshika kisu! Steringi hajui, lakini wewe unajua!"

Banda zima linapiga kelele. Sisi watoto tulikuwa tunakaa chini, mbele kabisa, tumemeza mate.

Sijawahi kumsikia akificha kitu. Aliyejificha kwenye picha alikuwa mali ya mjomba, na mjomba alimtoa hadharani. Alikuwa na msemo wake, "Umelipa kuona, siyo kubahatisha."

Kwa hiyo nilipomwekea sehemu ya kwanza na Nell akafa, alinigeukia kwa hasira ya kweli. "Steringi hafi mwanzoni, mjomba. Umeweka diski ya mwisho."

Nikamwambia, subiri. Huyu atakuwepo sana.

## Bomba

Mjomba ana presha ya macho. Wataalamu wanaiita glakoma. Mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu ya maji ya ndani ya jicho kuzidi msukumo, na kilichokufa hakirudi. Dawa ya matone inazuia kilichobaki kisipotee, haifufui. Ubaya wake ni kwamba haiumi, na inaanza kula pembeni. Mtu anaweza kumaliza miaka akidhani anaona vizuri kwa sababu katikati pako safi. Mjomba alijigundua baada ya kugongwa na bajaji aliyoapa kwamba haikuwepo.

Leo anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Uso wako anauona, kikombe mkononi mwako hakioni mpaka ashushe jicho.

Nilipoamua kumpelekea tamthilia hii sikuwa nimeliwaza hilo. Nilifikiria banda, nilifikiria jinsi alivyopenda mikanda ya kutisha, nikafikiria kwamba safari hii mimi ndiye nitakayetafsiri na yeye akae. Ni katika sehemu ya pili, tumekunywa chai, mara nikamwona mmoja wao amesimama gizani nyuma ya mtoto, nikafungua mdomo, halafu nikaangalia macho ya mjomba. Yalikuwa yametua katikati, kwa mtoto. Hakumwona. Hawezi kumwona.

Na nikafunga mdomo.

Sababu nilikuwa nazo, na nilizirudia usiku nikienda kulala. Mwenye kazi hakutaka tuonyeshwe. Aliyewaficha aliwaficha makusudi, ili mtazamaji ajihisi kuna kitu bila kukijua. Nikimwambia mjomba, nimeharibu. Nikinyamaza, namheshimu msanii. Watazamaji wengine wenye macho mazima nao huwa wanawapita wale watu bila kuwaona, sasa mjomba anadhulumiwa nini?

Zilikuwa sababu nzuri. Bado naziona ni nzuri. Lakini mtu mwenye macho mazima anaweza kurudi nyuma akatafuta. Mjomba alikuwa ananitegemea mimi.

## Jina lao

Kulikuwa na tabu nyingine, ya neno.

Kwa kawaida tafsiri inakwenda yenyewe. Hii ilinigomea kwenye neno ambalo ndilo hadithi nzima. Nilianza na "mzimu". Mjomba akanikatisha. Mzimu una kwao, una ukoo, una pango au mbuyu wake, unatambikiwa, na usipotambikiwa unakasirika kwa sababu zinazojulikana. "Hawa wana wajukuu wanaowatambikia?" Hawana.

"Jini," nikasema. Ilikuwa sehemu ya nne, yule mwanamume mrefu kupita kiasi mwenye kofia na mkongojo, anayemfuata mtoto Luke hadi chini ya kitanda. Mjomba akasisimka. "Ana kwato?" Nikamwambia hapana, ila miguu yake haigusi sakafu. Akafikiri. Akasema jini ni kiumbe mwingine, ameumbwa kwa moto, ana ndoa zake na watoto wake; hajawahi kuwa mtu. "Huyu alikuwa mtu?" Alikuwa. "Basi siyo."

Pepo, shetani? Huyo anapanda kichwani, anasema anachotaka, anapungwa kwa ngoma, anapewa chake, anatulia. Hawa hawapandi kichwa cha mtu na hawasemi wanataka nini.

Msukule? Hapo alikaa kimya zaidi. Msukule ni mtu mliyemlilia na kumzika, kumbe amechukuliwa, yupo mahali anafanyishwa kazi usiku. Kwa Nell jina lile lilikaribia kukaa. Lakini msukule ana aliyemchukua, na aliyemchukua ni mtu mwenye jina, jirani au ndugu. Hapa mchukuaji ni nyumba.

"Marehemu," nikasema, nimechoka.

Akatikisa kichwa. "Marehemu ni aliyerehemewa. Yule mwanamke mwenye shingo iliyopinda, anayelia, amerehemewa yule?"

Tukakaa. Deki ilikuwa imegandishwa na mota inaunguruma. Kwenye simu nisingefika huko, bando linakula na sehemu inayofuata inajianzisha yenyewe kabla hujapumua. Diski inakusubiri. Tulitumia karibu nusu saa juu ya neno moja, na ndiyo nusu saa niliyoipenda kuliko zote.

Mwisho akasema, "Waite wenyeji."

Wenyeji. Waliokuwepo kabla hujafika, watakaokuwepo ukiondoka, ambao nyumba ni yao na wewe ni mgeni hata kama una hati. Nimesoma maelezo mengi juu ya tamthilia hii. Sijaona lililoipata hivi.

## Sehemu ya tano

Sitaisimulia yote. Aliyeiona anajua, na asiyeiona nisimnyang'anye. Itoshe kwamba tangu utotoni Nell anatokewa usiku na mwanamke mwenye shingo iliyopinda, na sehemu hii inatwambia mwanamke yule ni nani. Kwenye diski ni mojawapo ya zile ndefu.

Ilipokwisha, mjomba akasema, "Zima."

Nikazima. Nikadhani anataka kuswali. Akabaki amekaa.

"Alikuwa anajililia mwenyewe," akasema. "Miaka yote ile, mtoto anaogopa, kumbe anayemtisha ni yeye mwenyewe amekuja kwake na hana pa kwenda."

Wiki mbili hakutaka tuendelee. Nilikwenda Jumamosi, tukala ubwabwa, tukazungumza habari za mpira, kasha likabaki juu ya deki. Nami kusema kweli nilipata afueni, kwa sababu mzigo mwingine niliokuwa nao ulikuwa unaniwasha kuliko tamthilia.

## Nilichotumwa

Watoto wa mjomba wanataka nyumba iuzwe.

Siwalaumu na sitaki mtu awalaumu. Magomeni ya leo siyo ya maandazi ya mkaza mjomba. Pande zote mbili za nyumba yake kumeota ghorofa. Jua la asubuhi halifiki uani tena, na kila mwezi anakuja mtu na bahasha ya maneno matamu. Binti yake yuko Mbezi, ana chumba kimeshapakwa rangi kwa ajili ya baba, karibu na choo, hakuna kizingiti cha kujikwaa. Mzee wa macho yale kuishi peke yake na wapangaji wawili, ngazi tatu za baraza na jiko la mkaa, ni kuomba ajali.

Walijaribu, akakataa. Ndipo wakaniambia mimi. Wewe anakusikiliza. Kaa naye, mzoeshe, likipatikana penyo mwambie.

Nikakubali. Diski nilitaka kumpelekea kwa moyo safi, nawaapia. Lakini Jumamosi zangu zile zilikuwa na kazi mbili, na moja mjomba hakuambiwa.

Na kuna jambo nililolijua ambalo sikuwaambia binamu zangu. Mkaza mjomba alifariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo mjomba akitoka ukumbini kwenda chumbani kwake kulala, anasimama mlangoni na kupiga hodi. Kwa sauti ya chini, mara moja. Anasubiri kidogo. Anaingia. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa nimelala mkekani sebuleni baada ya arobaini, nikajifanya nimelala.

## Maji ya Jangwani

Usiku wa kidole ulikuwa wa mvua. Nilikuwa nimefika mchana, na kufikia magharibi habari zikaja kwamba Jangwani pamefungwa, Mto Msimbazi umepanda barabarani, mwendokasi umesimama. Kigogo nako maji. Mimi nakaa Ilala. Ukiwa Magomeni na bonde limejaa, Ilala ni ng'ambo ya bahari. Mjomba akanitandikia, kisha akasema mwenyewe, "Lete ile kitu yako. Tumalizie msiba wa yule binti."

Alikuwa anakumbuka tulipoishia. Sehemu ya sita ni msiba. Mwili wa Nell upo, ndugu wamekusanyika kwenye nyumba ya maziko ya dada yao, radi zinapiga nje, na wanaanza kutoleana ya moyoni. Flanagan aliipiga kwa mikato michache mno. Mwanzoni kamera inazunguka karibu robo saa bila kukatwa. Kuna mahali baba anatoka kwenye nyumba ya maziko, anaingia kwenye korido, na korido inamtoa ndani ya lile jumba, kwenye dhoruba ya mwaka 1992, bila mkato. Seti mbili zilijengwa zikapakana ili mwigizaji atembee kwa miguu yake kutoka leo mpaka zamani.

Mvua ya kwao na mvua ya kwetu zikachanganyika. Nikawa napaza sauti kutafsiri. Ndugu wanagombana juu ya nani hakupokea simu ya marehemu, nani alichukua fedha, nani alijua baba anaficha nini, na mjomba anaitikia kwa "ehee" kama yupo kwenye turubai letu, kwa sababu huo ndio ugomvi wa kila msiba.

Na nyuma yao, kamera ikizunguka, Nell amesimama. Anakuwepo, hayupo, yupo. Wanamlilia na kumgombania, na yeye yuko hatua tatu.

Nikampita. Nilimpita mara ya kwanza, nikampita ya pili.

Mjomba akasema, "Gandisha."

Nikagandisha.

"Sauti yako imeshuka," akasema. "Nimekaa kazi hii miaka kumi na moja. Mtafsiri akiona kitu asichotaka kukisema, sauti inashuka. Imeshuka hapa, na imeshuka zamani, tangu sehemu ya pili."

Ndipo alipoinuka.

## Alichosema

Nilimweleza. Nilimpa sababu zangu zote, zile nzuri. Kwamba msanii amewaficha, kwamba utamu ni kutoambiwa.

Akarudi kwenye kochi polepole. "Anayeficha na wewe una macho, huyo anacheza na wewe. Anayekuficha wewe huna macho, huyo ni mwingine." Akanyamaza, akasikiliza mvua. "Na hili la nyumba umenificha kwa ajili ya msanii gani?"

Alijua. Alijua tangu Jumamosi ya kwanza. Binti yake alikuwa amempigia simu kumsifu binamu yake wa Ilala jinsi anavyojitoa, na mzee akajumlisha.

Nataka niandike kwamba nilijitetea vizuri. Nililia, ndilo nililofanya. Mtu mzima, na ndevu zangu, kwenye chumba nilichokuwa nalilia mikanda ya kutisha nikiwa na miaka minane.

Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Akauliza habari za wale wazee wawili watunza jumba, bwana na bibi Dudley. Sehemu zilizotangulia alikuwa amewapenda. Nikamwambia ukweli, kwa sababu kuficha kulikuwa kumeshanishinda. Nikaruka mpaka mwisho wa hadithi, nikamwambia kwamba binti yao alifia mle, na baba wa familia alipotaka kulichoma jumba, walimwomba asilichome. Kwa kuwa mtoto wao yumo.

"Ehee," akasema. "Sasa umenitafsiria."

Halafu, baada ya kitambo:

"Nikihamia Mbezi, hodi nitampigia nani?"

Sikuwa na jibu na sina mpaka leo. Ngazi za baraza zipo pale pale. Bajaji zipo pale pale. Nikiwa njiani kwenda kazini nakubaliana na binti yake, nikiwa Magomeni nakubaliana na mjomba, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu wote wawili wanampenda mtu mmoja.

Usiku ule tulirudia sehemu ya sita toka mwanzo. Safari hii nilisema kila kitu. Nilisimama kando ya televisheni, henzirani ipo bado nyuma ya mlango, nikaichukua. Nell yuko nyuma ya jeneza. Nell hayupo. Nell yupo, kushoto kwako mjomba, gizani, anatazama. Saa saba usiku nilikuwa nimekauka koo.

Baadaye niliitazama peke yangu sehemu hiyo hiyo kwa sauti ya Flanagan, na kitu kimoja kikanigusa. Mtu yule anafanya kazi ya mjomba. Amekaa kando ya picha, anazungumza juu ya wanaozungumza, anasema lipi lilifanywa vipi. Aliyeficha naye anarudi akasimama na fimbo.

## Dirisha

Tulimaliza Jumamosi mbili zilizopita.

Katika sehemu ya mwisho tunaelewa siri ya Chumba Chekundu, kile ambacho mlango wake ulikataa kila ufunguo. Kumbe wote waliishi humo bila kujua. Kwa mmoja kilikuwa chumba cha kuchezea dansi, kwa mwingine kijumba cha mtini, kwa mama chumba cha kusomea. Chumba kimoja, kinavaa sura ya anayekipenda. Mjomba aliangaza huku na huku kwenye chumba chetu cha mbele, kilichokuwa banda, kikawa duka, kikawa saluni ya binti yake, kikawa sebule, lakini hakusema neno.

Picha za mwisho zinaonyesha ndugu waliobaki wamekusanyika kumpongeza Luke kwa kutimiza miaka miwili bila dawa za kulevya. Keki ipo katikati, na katikati mjomba anaona.

"Mbona keki nyekundu?"

Nikagandisha. Nikamweleza ninachokijua. Flanagan alishasema hadharani kwamba walipanga kuweka dirisha la Chumba Chekundu nyuma ya familia katika picha hizi za mwisho, ili ajuaye ajue kwamba hawakutoka, kwamba bado jumba linawaotesha ndoto. Usiku wa kuamkia kupiga picha hizo, moyo ukamsuta. Akaona ni ukatili kwao. Dirisha halikuwekwa.

Mjomba alifikiri kwa muda mrefu. Adhana ya alasiri ikapita, ya msikiti wa karibu, kisha ya ule wa ng'ambo ya barabara.

"Angalia pembeni," akasema. "Angalia vizuri, uniambie. Dirisha lipo?"

Nikasogea. Nikaweka kidole ukingo wa kulia wa kioo, nikakisogeza mpaka kushoto. Nikarudia tena, juu na chini.

"Halipo, mjomba."

"Hakuna mtu amesimama?"

"Hakuna."

"Haya. Achia iendelee."